SABABU, NIA, UWEZO: NA MWISHO JE?

*TAARIFA YA TAWI, SHIRIMATUNDA*
*Siku ya Mashujaa, 25 Julai 2025*



 

Ujumbe huu ni mrefu kuliko tulivyozoea. Usome ukiwa umetulia, na kama jirani yako ni mwanachama lakini simu yake haipokei ujumbe wa namna hii, tunaomba umsomee.

Wengi mnajua kilichotokea kwenye kikao cha mwezi huu. Ajenda zote zilikwenda haraka: mahudhurio, ada, daftari la wanachama, maandalizi ya uchaguzi wa Oktoba. Tulipofika kwenye mengineyo tukakaa zaidi ya saa nzima, na jambo lilikuwa moja tu, Kongo. Mzazi mmoja alisimama akasema mwanawe amerudi salama na anamshukuru Mungu. Kisha akauliza: "Watu wakiniuliza alikwenda kufanya nini, na kama kazi ile imekwisha, niwajibu nini?"

Hakuna aliyempa jibu. Wengine walisema mambo ya jeshi hayazungumzwi. Wengine walisema maadamu vijana wamerudi, yamepita. Tulifunga kikao, lakini swali halikufungwa, na sisi viongozi wa tawi tuliahidi kuliandikia. Leo, siku ambayo taifa linawakumbuka mashujaa wake, tumeona ndiyo siku yake.

*Kwanza, heshima*

Tuanze na lisilo na mjadala. Askari haendi vitani kwa kujituma mwenyewe. Anatumwa. Akitumwa akaenda, akafanya alichoagizwa, ametimiza wajibu wake, na anayerudi na anayebaki huko wote tunawaheshimu. Hakuna neno katika ujumbe huu linalomlaumu askari yeyote wa JWTZ. Maswali yetu yanaelekezwa kwa wanaotuma, na kwetu sisi wananchi ambao askari hao wanatumwa kwa jina letu.

Askari wetu 15 waliuawa kwa siku moja, tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ilipovamiwa na waasi wa ADF huko Semuliki, Kivu Kaskazini. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, saba waliuawa Darfur. Aprili 2024 watatu walikufa kwa kombora karibu na Goma. Januari mwaka huu tukapoteza wengine wawili wakati mji ule ukizingirwa. Hao wote walikuwa na mama, na wengi walikuwa na watoto. Mwenye kuuliza kwa nini walikwenda hawadharau. Anayewadharau ni yule anayeona vifo vyao havistahili hata swali.

*Nini kilitokea*

Tukumbushane kwa ufupi, maana simu zetu zimejaa picha na sauti ambazo hazijulikani zimetoka wapi.

Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Nchi tatu zilitoa askari: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Kufikia Novemba mwaka huo kundi la M23 lilikuwa limeshindwa. Wapiganaji wake wakakimbilia Uganda na Rwanda. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Desemba 2013 zikatiwa saini ahadi jijini Nairobi: wapiganaji wanyang'anywe silaha na kurudishwa uraiani, wakimbizi warudi kwao, wenye malalamiko wasikilizwe. Sehemu kubwa ya ahadi hizo ilibaki kwenye karatasi. Mwishoni mwa 2021 M23 wakaanza tena.

Novemba 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapeleka kikosi, Kenya ikitangulia. Mwaka mmoja baadaye serikali ya Kongo ikakataa kukiongezea muda, ikisema hakipigani na waasi. Kikaondoka Desemba 2023. Mwezi huohuo kikosi cha SADC kikaingia, na nchi zikawa zilezile tatu za mwaka 2013. Safari hii hali ilikuwa nyingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti ya 2024 kwamba Rwanda ilikuwa na askari kati ya 3,000 na 4,000 upande wa M23. Rwanda imekanusha. Upande wa serikali kulikuwa na jeshi la Kongo, askari wa Burundi, makundi ya wenyeji yaliyopewa silaha, na hata mamluki kutoka Ulaya.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika mapigano ya siku hizo. Vikosi vya SADC vikabaki kambini, vimezungukwa, uwanja wa ndege ukiwa mikononi mwa waasi. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam wakataka mapigano yasimame. Wiki moja haikupita sana, Bukavu nayo ikaanguka. Tarehe 13 Machi SADC ikaamua kumaliza operesheni. Mwishoni mwa Aprili misafara ikaanza kutoka kwa barabara, ikapita Rwanda, nchi ileile inayotajwa kuwasaidia waasi, hadi Chato hapa nyumbani.

Hiyo ndiyo hesabu. Kikosi kilikaa mwaka mmoja na miezi michache. Kilikwenda kuisaidia serikali ya Kongo kurudisha mashariki mwake, na kilipoondoka serikali hiyo ilikuwa imepoteza miji mikubwa miwili ambayo ilikuwa nayo kikosi kilipofika.

*Moshi inalijua jambo hili*

Kuna watakaosema, sisi wa Shirimatunda Kongo inatuhusu nini? Wazee wanajua kwamba Moshi ina sehemu yake katika historia ya jeshi letu kuvuka mpaka.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Yaliua, yalipora ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Mwalimu alipozungumza na taifa mwanzoni mwa Novemba alitaja mambo matatu ambayo kila Mtanzania wa wakati ule anayakumbuka: sababu, nia na uwezo. Vyote tulikuwa navyo. Tulivamiwa, na kujilinda hakuhitaji kuomba radhi kwa mtu.

Lakini vita haikuishia mpakani. Machi 1979, wakati majeshi yetu yakisonga kuelekea Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi. Hapa ndipo walipounda umoja wao na kumchagua Profesa Yusuf Lule kuuongoza. Aprili Kampala ikakombolewa na Lule akaapishwa kuwa Rais. Kwa maneno mengine, serikali ya Uganda ya baada ya Amin ilizaliwa katika mji wetu.

Ilidumu siku 68. Juni 1979 Lule akaondolewa na wenzake walewale wa Moshi. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, na matokeo yakakataliwa. Februari 1981 vita vya msituni vikaanza, vikaendelea hadi Januari 1986. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, wakilinda amani ambayo wenye nchi walikuwa bado hawajakubaliana juu yake.

Huku nyumbani tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Walioishi wakati ule watawaambia mkanda ulikaa miaka mingapi. Watawasimulia foleni za sukari na sabuni, na kahawa yetu iliyouzwa ikalipia risasi na mafuta ya magari. Dunia haikutulipa. Kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika walitulaumu kwa kuvuka mpaka.

Hatusemi Mwalimu alikosea kumwondoa Amin. Humu ndani ya tawi hatuna msimamo mmoja juu ya hilo, na hatuuhitaji leo. Tunasema hivi: sababu ilikuwepo, nia ilikuwepo, uwezo ulikuwepo, na bado ilichukua zaidi ya miaka saba Uganda kutulia. Kulikuwa na jambo la nne ambalo halikuhesabiwa. Nalo ni mwisho. Tukishashinda, nani atashika nchi, kwa makubaliano gani na nani, na sisi tutaondoka lini?

*Shaka yetu*

Kwetu Uchagani kila mtu ameona ugomvi wa kihamba. Baba amefariki, ndugu wawili wanagombea mpaka, mmoja anasema migomba hii alipanda yeye, mwingine anasema baba alimgawia. Jirani anayeingia na panga kumsaidia mmoja anaweza kumfukuza mwingine kwa usiku ule. Lakini kesho yake mpaka bado haujapimwa, aliyefukuzwa ana watoto wanaokua, na jirani sasa ana maadui wawili, maana hata aliyesaidiwa ataanza kumwona kuwa anataka shamba. Ugomvi wa kihamba huisha pale wazee wanapokaa chini, mashahidi wakaitwa, na alama za mpaka zikapandwa huku pande zote zikiangalia.

Mashariki mwa Kongo kuna ugomvi wa namna hiyo, mkubwa zaidi na wenye umwagaji damu zaidi. Kuna suala la ardhi. Kuna suala la nani ni raia na nani si raia, ambalo limewasumbua Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kuna mabaki ya waliofanya mauaji ya 1994 Rwanda. Kuna madini. Kuna majirani wanaoingia kwa visingizio. Kuna serikali iliyo Kinshasa, mbali sana na Goma. Katika hayo yote, brigedi yenye mizinga inaweza kumaliza lipi?

Yenyewe peke yake haiwezi. Mwaka 2013 ilishinda kundi moja, na ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini kwa kuwa yaliyobaki hayakushughulikiwa, kundi hilo lilirudi likiwa na nguvu zaidi. Nguvu ya jeshi ilinunua muda. Wenye kazi ya kuutumia muda huo hawakuutumia, na miaka kumi baadaye askari wetu wakaombwa kuununua tena, kwa bei ya juu zaidi.

Ya pili: jeshi la nje linapoingia upande mmoja wa ugomvi wa ndani, jirani anayepinga upande huo naye hupata sababu ya kuingia. Mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia ziliingia Kongo kumsaidia Rais Laurent Kabila. Rwanda na Uganda zilikuwa upande wa pili. Juni 2000 Rwanda na Uganda, waliokwenda kama marafiki, walipigana wao kwa wao ndani ya mji wa Kisangani, wakiua raia wa Kongo ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuja kuihukumu Uganda kwa iliyoyafanya Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325.

Ya tatu: sisi tumo katika nyumba zote mbili. Kongo na Tanzania zimo SADC. Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania zote zimo Afrika Mashariki, ambayo makao yake yapo Arusha, safari ya asubuhi moja tu kutoka hapa. Mizigo ya Kongo na ya Rwanda inapita bandari moja ya Dar es Salaam. Anayekaa na pande zote ana faida moja kubwa: anaweza kuitwa msuluhishi. Akishika bunduki upande mmoja, faida hiyo anaipunguza mwenyewe.

*Lakini je, tukae tukiangalia?*

Hili liliulizwa kikaoni na mwanachama mmoja kijana, kwa uchungu, na alikuwa na haki. Akasema, watu wanachinjwa, wanawake wanadhalilishwa, wanazungumza Kiswahili kama sisi, na ninyi mnaleta methali.

Methali yenyewe ni ile ya ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wengi huitumia kuhalalisha kutojali. Sisi hatuitumii hivyo. Nchi hii ilibeba wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imewapokea Wakongo tangu 1996. Hatujawahi kuwa watu wa kufunga mlango.

Wala hatusemi askari wasitoke kamwe. Machi 2008 majeshi yetu yalikwenda Anjouan, Comoro, pamoja na ya nchi nyingine za Umoja wa Afrika. Serikali ya muungano iliomba, Umoja wa Afrika ulikubali, lengo lilikuwa moja na lilieleweka: kumwondoa kiongozi wa kisiwa aliyekataa kuachia madaraka. Kisiwa kilichukuliwa kwa muda mfupi na uchaguzi ukafuata. Pale vyote vinne vilikuwepo, na wa nne ndio uliofanya kazi ikamilike.

Tena iko njia nyingine ambayo Tanzania inaijua kuliko nchi nyingi. Burundi ilipokuwa ikiungua miaka ya 1990, Mwalimu aliwaita Waburundi Arusha. Alifariki Oktoba 1999 kazi haijakamilika, Mandela akaichukua, na mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Haikuwa kazi ya mwezi mmoja, na mapigano hayakukoma siku ya saini. Ilikuwa miaka ya vikao na watu kususa na kurudi. Lakini Waburundi wenyewe ndio waliokaa mezani kupanga jeshi lao liwe la nani na bunge lao liwe la nani. Hakuna brigedi ya kigeni inayoweza kuandika hayo.

Mwezi uliopita, tarehe 27 Juni, Kongo na Rwanda zilisaini makubaliano Washington. Wiki iliyopita, tarehe 19 Julai, Kongo na M23 wakasaini kanuni za mwanzo Doha. Tunaomba Mungu yashike, ingawa tumeshaona saini nyingi. Linalotuuma ni kwamba ugomvi wa majirani zetu unasuluhishwa Marekani na Qatar, na wenye kusuluhisha huko wana macho yao kwenye madini. Meza hiyo ilitakiwa iwe Arusha.

*Tunachopendekeza*

Baada ya kushauriana, uongozi wa tawi unaleta kwenu mapendekezo manne. Tutayajadili na kuyapigia kura kikao kijacho, kisha yakipita yapelekwe ngazi ya kata na kupanda juu.

1. *Bunge liambiwe.* Ibara ya 44 ya Katiba inasema Rais akitangaza vita, nakala ya tangazo iende kwa Spika, naye aitishe Bunge ndani ya siku 14 ili lifikirie kuliunga mkono au la. Lakini operesheni za kulinda amani hazitangazwi kuwa vita, ingawa askari hufa vilevile. Tunataka kila operesheni ya nje ielezwe bungeni: sababu, nia, uwezo, na mwisho. Hatuombi siri za mapigano. Idadi ya mizinga na njia za kupita ni za jeshi. Lengo na kikomo ni vya wananchi.

2. *Wagombea waulizwe.* Yeyote atakayekuja hapa kabla ya Oktoba kuomba kura, wa chama chetu au wa kingine, aulizwe jambo hili pamoja na maji na barabara. Asiye na jibu apewe muda akalitafute.

3. *Familia zisiachwe.* Katika siku zile za Januari kuna wazazi miongoni mwetu waliokaa bila kujua kama watoto wao wako hai, wakitegemea picha za mitandaoni. Tawi liwe na watu wawili wa kuzitembelea familia zenye askari nje ya nchi. Hilo tunaweza kulifanya wenyewe bila kusubiri ngazi ya juu.

4. *Ulimi tuuchunge.* Humu kundini zimepita picha za maiti na maneno ya kuwatukana Wanyarwanda na Wakongo. Picha hizo zikome. Wapo madereva, wafanyabiashara na wanafunzi wa mataifa hayo tunaokutana nao mjini kila siku. Hawakutuma jeshi popote. Atakayerudia ataondolewa kwenye kundi hadi kikao kiamue.

Na yule mzazi aliyeuliza, tumjibu nini? Tumwambie ukweli. Mwanao alikwenda kwa sababu jirani aliomba msaada, na nia ilikuwa njema. Alifanya alichoagizwa. Kazi haikuisha, kwa kuwa haikuwa kazi ya kumalizwa na bunduki, na hilo wanaomtuma walipaswa kulipima kabla hajapanda ndege. Heshima yake haipunguki hata kidogo. Deni lililopo ni letu: kuhakikisha akitumwa mwingine, swali la mama liwe limejibiwa kabla ya safari.

Leo mkipata nafasi, simameni kimya kidogo kwa ajili ya waliobaki huko. Karibuni kikaoni, na mje na hoja, hata zinazotupinga.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi,
Shirimatunda, Moshi.